Jani la juu au jani la chini? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu njaa ya miti ya matunda Mombasa

Nina kitalu kidogo cha miche Kisauni, na watu wengi huja wakiwa na jani mkononi. Wengine huja na papai lililojaa nundu. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi, na majibu ninayoyatoa.

Majani ya mndimu wangu yamegeuka manjano. Nitie mbolea gani?

Usinunue chochote bado. Rudi uani utazame ni majani yapi: ya juu yaliyochipua juzi, au ya chini yaliyokaa mtini miezi mingi?

Mti ukipungukiwa na chakula hufanya kama mama mwenye watoto wengi na sufuria ndogo: wadogo hupakuliwa kwanza. Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu huweza kuhama ndani ya mti. Vikiadimika, mti huvitoa kwenye majani makuukuu na kuyapelekea machanga, kwa hiyo dalili huanzia chini. Chuma, zinki, manganizi, boroni na kalsiamu havihami, au huhama kwa shida sana. Vikishakaa kwenye jani, vimekaa. Hapo jani kuukuu hubaki na afya yake na jani changa huzaliwa na njaa, kwa hiyo dalili huanzia juu.

Mtu akinijia na jani moja mfukoni, swali langu la kwanza ni: umelichuma wapi mtini? Asipokumbuka, namrudisha. Sifanyi hivyo kwa ukali. Jani la manjano peke yake halisemi lolote la maana.

Majani machanga ni manjano lakini mishipa imebaki kijani. Hii ni nini?

Hapa Mombasa, kwa miti ya jamii ya ndimu na limau, mara nyingi ni upungufu wa chuma. Linyanyue jani kuelekea jua. Utaona mishipa myembamba ya kijani imetandaa kwenye rangi ya krimu mfano wa jarife la wavuvi lililoanikwa. Hali ikizidi, hata mishipa hupauka, jani hubaki jeupe na ncha hukauka.

Mndimu wangu wa kwanza ulinifunza somo hili kwa gharama. Niliupanda karibu na ukuta wa nyumba, na mwaka wa pili ukaanza kutoa majani ya juu yaliyopauka hivyo. Nikatia samadi ya mbuzi, karai mbili. Haukubadilika. Nikaenda agroveti, muuzaji akanipa mbolea ya DAP, nikatia. Majani yaliyofuata yalitoka meupe zaidi. Nilikuwa nauongezea mti kile ambacho haukukosa, tena fosforasi nyingi ya ile DAP ilizidi kuuzuia usichukue chuma na zinki.

Sababu iko chini ya miguu yetu. Sehemu kubwa ya Kisauni, Nyali, Bamburi na Likoni imekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Ni jiwe lile lile lililojenga nyumba za Mji wa Kale, na ndilo lililobeba Ngome ya Yesu. Likichomwa tanurini hutoa chokaa. Likimomonyoka taratibu ndani ya udongo, hutoa chokaa vilevile. Udongo wa aina hiyo huwa na pH (kipimo cha uchachu au ukali wa chokaa) ya 7.5 hadi 8.5, na katika hali hiyo chuma hugeuka kuwa kitu ambacho mizizi haiwezi kukiyeyusha. Kimo tele udongoni, ila mti haukifikii. Mimi niliupanda mndimu karibu na ukuta, mahali mafundi walipomwaga mabaki ya saruji, nikaongeza chokaa juu ya chokaa.

Nitajuaje kama udongo wangu una chokaa?

Chukua udongo mkavu kiasi cha kijiko, uweke kwenye kisahani, udondoshee siki. Ukichachatika na kutoa povu, chokaa imo. Siki ikiwa haipo, kamulia ndimu. Povu litakuwa dogo zaidi, lakini weka sikio karibu utausikia mchachatiko. Jaribu sehemu tatu nne za kiwanja, na chimba mpaka kina cha kiganja. Viwanja vingi vina udongo mweusi mzuri juu na vipande vyeupe vya matumbawe chini yake, na mizizi iko huko chini.

Ukitaka kuhakikisha kwamba ni chuma hasa, kuna jaribio ninalolipenda kwa sababu jani lenyewe ndilo linalojibu. Yeyusha gramu 5 za salfeti ya chuma katika lita moja ya maji, tia tone la sabuni ya maji, kisha kwa brashi ndogo paka nusu moja tu ya majani matatu au manne machanga. Fanya jioni. Baada ya wiki moja hadi mbili, sehemu ulizopaka zikiota madoa ya kijani na nusu ya pili ikabaki manjano, umepata jibu. Kwenye mndimu wangu madoa yalijitokeza kama matone ya rangi yaliyodondoka juu ya karatasi. Nikamwita jirani aje ayaone.

Nikishajua ni chuma, natibu vipi?

Salfeti ya chuma ukiimwaga kwenye udongo wenye chokaa hufungwa upesi, na pesa zako zimekwenda. Kuipulizia kwenye majani husaidia, lakini ni majani yale uliyoyapulizia tu. Chipukizi linalofuata litazaliwa na njaa ile ile.

Kinachofanya kazi kwenye udongo wetu ni chuma kilichofungwa ndani ya kampaundi inayokilinda dhidi ya chokaa. Zipo aina kadhaa, nawe soma herufi kwenye pakiti kabla ya kulipa. EDTA hupoteza nguvu pH ikipita takribani 6.5. DTPA huvumilia mpaka karibu 7.5. EDDHA ndiyo inayostahimili udongo wa matumbawe. Ni ghali kuliko hizo mbili, na wauzaji wengi hawaiweki mpaka uiagize. Bora ununue pakiti ndogo ya aina sahihi kuliko mfuko mkubwa wa aina isiyofaa. Unga wake huyageuza maji kuwa mekundu kabisa. Kwa mti unaonifika kifuani mimi huyeyusha gramu 20 hivi katika maji lita 10, humwaga kuzunguka mizizi jioni, kisha hufukia kwa majani makavu maana jua huiharibu. Fuata kipimo cha kibandiko kwa mti mkubwa zaidi.

Kwa nini nisiondoe chokaa yenyewe kwa salfa?

Wengi hujaribu, nami naelewa mvuto wake. Lakini fanya hesabu kwanza. Kila kilo moja ya chokaa iliyomo udongoni huhitaji takribani gramu 320 za salfa kuimaliza. Tuseme shimo lako la mita moja kila upande lina udongo wa kilo 1,300, na asilimia 10 ya huo ni chokaa. Hizo ni kilo 130 za chokaa, zinazohitaji zaidi ya kilo 40 za salfa. Na pembeni na chini ya shimo mwamba wenyewe bado upo, unasubiri mvua.

Salfa inafaa kwenye chungu au pipa lililojazwa udongo mwekundu wa kuletwa na lori, ambako chokaa ni kidogo. Ardhini, juu ya matumbawe, nguvu yako ielekeze kwenye mboji.

Je, udongo wa matumbawe unaweza kweli kulisha miti?

Unaweza, na ushahidi uko Bamburi. Kiwanda cha saruji kilichimba matumbawe pale tangu miaka ya 1950 kikaacha machimbo makavu, mwamba mtupu wenye maji ya chumvi karibu na uso wa ardhi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo aliyeajiriwa na kiwanda hicho, alianza kupanda miti mle. Kati ya aina 26 zilizojaribiwa, 3 tu ndizo zilizoshika: mvinje, mnazi, na mti mmoja unaoitwa Conocarpus.

Mvinje ulishinda kwa sababu mizizi yake huishi na vijidudu vinavyonasa naitrojeni kutoka hewani. Unajitengenezea mbolea mwenyewe. Lakini majani yake membamba yalipoanguka yalilundikana bila kuoza, maana yana tanini nyingi. Kilichofungua kazi ni jongoo wenye miguu myekundu, hawa tunaowafagia kwenye baraza wakati wa masika. Waliletwa mle, wakayatafuna majani, na kinyesi chao kikawa chakula cha vijidudu vilivyotengeneza udongo mweusi. Leo pale ni msitu, watu wanalipa kuingia kutazama twiga na viboko.

Huwa naisimulia habari hii kwa kila anayeniambia kiwanja chake ni mawe matupu. Mboji huyeyusha virutubisho taratibu, hushika maji, na hukipa chuma na zinki njia ya kufika kwenye mzizi. Basi yaacheni majani makavu chini ya miti. Desturi yetu ya kufagia uwanja mpaka udongo ung'ae, kisha kuyachoma majani pembeni, inainyima miti chakula chake kila asubuhi. Na jongoo mwacheni apite.

Mimi niko Changamwe. Haya yananihusu?

Kwa kiasi kidogo. Upande wa Changamwe na Miritini chini si matumbawe bali miamba laini ya tope, na udongo wake ni mfinyanzi unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Shida kubwa huko ni maji kusimama. Mizizi iliyokosa hewa hainywi chakula hata kikiwepo, na majani yatageuka manjano mti mzima. Inua tuta, panda juu yake. Jaribio la siki lifanye hata hivyo, kwa sababu viwanja vingi vimejazwa kifusi cha ujenzi.

Majani ya chini ndiyo yenye shida. Nitatofautishaje naitrojeni, potasiamu na magnesiamu?

Tazama manjano yameanzia sehemu gani ya jani.

Njaa ya naitrojeni hulipausha jani zima, mishipa pamoja na nyama yake, bila mchoro wowote. Mti hudumaa, majani huwa madogo na ya chini huanguka mapema. Kwenye mchanga wetu hutokea sana baada ya masika, mvua za Aprili na Mei zikishakiosha chakula na kukizamisha chini ya mizizi. Kwa udongo wa chokaa napendelea mbolea ya SA, yenye naitrojeni asilimia 21 pamoja na salfa, kuliko CAN inayokuja na chokaa yake. Urea ina naitrojeni asilimia 46 lakini usiimwage juu ya udongo wa matumbawe ukaiacha, maana hugeuka amonia ikapotelea hewani. Ile harufu kali unayoisikia ndiyo pesa yako inayopaa. Ifukie kina cha vidole vitatu, umwagilie papo hapo, na gawa kipimo mara nyingi kidogo kidogo.

Njaa ya potasiamu huanzia ukingoni. Pembe za jani kuukuu huwa manjano, kisha huungua na kuwa kahawia kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto, huku katikati kukibaki kijani. Matunda hutoka madogo.

Njaa ya magnesiamu huacha alama nzuri sana kwenye mndimu na mchungwa: manjano hutokea pande mbili za mshipa mkuu, na karibu na kikonyo hubaki kabari ya kijani, kama mkuki ulioelekezwa kwenye ncha. Chumvi ya Epsom, gramu 20 kwa lita ya maji, ipulizwe jioni, mara mbili au tatu kwa kupishana wiki mbili. Jihadhari na mbolea ya potasiamu ukiipitiliza, kwa sababu potasiamu nyingi huusukuma pembeni magnesiamu. Mtu hutibu njaa moja akazalisha nyingine.

Njaa ya fosforasi mimi huiona kwa nadra: majani ya kijani kilichokoza sana, pengine na zambarau, na mti usiokua.

Mapapai yangu yana nundu nundu na yanatokwa na maziwa. Ni ugonjwa?

Mama mmoja kutoka Bamburi aliniletea papai bichi limefungwa kwenye leso. Lilikuwa kama uso wa mtu aliyeumwa na nyuki: uvimbe hapa, bonde pale, na michirizi ya utomvu uliokauka kwenye ganda. Tulilipasua. Mbegu nyingi zilikuwa hazijakomaa, na nyama ilikuwa ngumu chini ya kila bonde. Hiyo ilikuwa njaa ya boroni, na kwenye mipapai ya udongo wa chokaa ni jambo la kawaida, hasa miezi ya kaskazi mwanzoni mwa mwaka udongo ukiwa mkavu. Boroni hufika kwenye tunda kwa kuchukuliwa na maji. Maji yakikatika, nayo hukatika.

Dawa ni boraksi, lakini sikiliza kwa makini. Kati ya boroni ya kutosha na boroni ya kuua pana nafasi ndogo sana. Kwa mpapai mmoja mkubwa, kijiko kimoja cha chai, takribani gramu 5, kiyeyushwe katika ndoo ya maji na kumwagwa kuzunguka mti. Mara moja. Usirudie mpaka uone matunda mapya yalivyotoka. Aliyetia konzi nzima alikuja kuniambia pembe za majani zimeungua zote, na sikuwa na la kumsaidia isipokuwa kumwambia amwage maji matamu mengi.

Kabla ya hayo, hakikisha si virusi vya mpapai. Virusi huchora duara duara kwenye ganda la tunda, huacha michirizi inayong'aa kama mafuta kwenye vikonyo, na majani machanga hukunjamana na kuwa na mabaka. Mti wenye virusi hautibiki. Ung'oe, uchome, usiuonee huruma, kwa sababu vidukari watavipeleka kwa jirani.

Minazi: makuti ya chini yamekuwa rangi ya chungwa na vidaka vinapukutika.

Mnazi ni mlaji mkubwa wa potasiamu. Ukikosa, makuti ya chini huota vidoa vya chungwa, kisha ncha hukauka, na mnazi hubakiwa na kichwa kidogo chenye makuti machache. Vidaka hupukutika kabla havijawa vitale, na dafu linalofika ni dogo.

Potasiamu nyingi ya mnazi imo ndani ya makumbi. Kila tunapoyauza au kuyachoma tunaiondoa. Chimba mfereji kuuzunguka mnazi, umbali wa hatua mbili kutoka shinani, yapange makumbi ndani yakiangalia juu ili yashike maji, uyafukie. Kazi hiyo ifanye kabla ya masika. Ukiwa na uwezo, ongeza mbolea ya potasiamu ya MOP, yenye potashi asilimia 60.

Makuti machanga yakitoka mafupi, yamekunjamana na ncha imejipinda kama ndoana, hiyo ni boroni. Yakitoka yamekatwa kwa umbo la V kama mtu amepitisha mkasi, hiyo si njaa kabisa. Ni chonga, yule mdudu mwenye pembe, na mbolea haitamwondoa.

Wazee husema tutie chumvi kwenye mnazi. Ni kweli?

Wana hoja. Mnazi ni miongoni mwa mimea michache inayonufaika waziwazi na kloridi, iliyo nusu ya chumvi ya jikoni, na hiyo ni sababu mojawapo inayoufanya ustawi ufukweni. Mnazi ulio mbali na bahari huweza kufaidika. Ulio Nyali au Shelly Beach, unaopigwa na kusi miezi yote ya katikati ya mwaka, tayari unaletewa chumvi na upepo. Na usithubutu kutia chumvi kwenye mndimu, mpapai au mchicha ulio chini ya mnazi huo.

Namwagilia kwa maji ya kisima chenye chumvi. Majani yanaungua ncha.

Hili huwachanganya watu na njaa ya potasiamu, kwa kuwa zote huunguza ukingo. Chumvi huanzia kwenye ncha kabisa, mara nyingi bila manjano kutangulia, na huonekana mimea mingi tofauti kwa pamoja. Tazama pia udongo ukikauka: ukiona ukoko mweupe juu, ndiyo yenyewe. Maji ya visima vya kwenye matumbawe hubeba pia chokaa iliyoyeyuka, kwa hiyo kila ndoo inaongeza shida ya chuma.

Najua maji ya bomba hayaji kila siku, na ya mkokoteni hulipiwa kwa mtungi. Kwa hiyo ya mvua yatege. Bati la nyumba ndogo na pipa moja vitaitosha miche michache ya ndimu wakati wa vuli na masika. Ukilazimika kutumia ya kisima, mwagilia mara chache lakini mengi, ili chumvi isukumwe chini. Kunyunyizia kidogo kidogo kila jioni huikusanya juu.

Majivu, maganda ya mayai, machicha ya chai?

Majivu hapana, kama siki imechachatika. Yana potasiamu, kweli, lakini yanazidisha ukali ule ule wa chokaa. Maganda ya mayai ni chokaa tupu. Kuyapeleka juu ya matumbawe ni kupeleka mchanga ufukweni. Machicha ya chai na ya nazi yatie kwenye shimo la mboji, ya nazi uyafukie vizuri panya wasije. Matumbo ya samaki ni mbolea nzuri sana yakizikwa kina cha mkono. Mwani uliotupwa na bahari usuuze kwa maji matamu kwanza, ndipo uutandaze.

Nyanya zangu za kwenye ndoo zinaoza kitako. Nimeambiwa ni kalsiamu.

Ni kalsiamu ndani ya tunda, lakini chanzo ni maji. Ndoo hukauka mchana, hulowa usiku, na kalsiamu haifiki. Mwagilia asubuhi na jioni bila kuruka, funika udongo kwa nyasi kavu, weka ndoo mahali penye kivuli ifikapo saa nane mchana. Usinunue chochote.

Majani ya mchungwa ni madogo na yana mabaka. Zinki au ugonjwa?

Likunje jani katikati kwa urefu. Kwenye njaa ya zinki mabaka ya upande wa kushoto hulingana na ya kulia, majani huwa membamba yaliyosimama wima na kusongamana kwenye ncha ya tawi kama ua. Manganizi hufanana na hiyo, ila jani hubaki na ukubwa wake wa kawaida. Mabaka yakiwa hayalingani, upande mmoja una doa na wa pili hauna, na matunda yamepinda na hayaivi rangi sawasawa, shuku ule ugonjwa wa michungwa unaoambukizwa na wadudu wadogo wanaonyonya chipukizi. Mwite afisa wa kilimo, na usichukue vikonyo vya mti huo kupandikizia.

Ndugu yangu wa bara ananitumia miche ya rasiberi. Itaota Mombasa?

Itachipua, kisha itakusikitisha. Rasiberi nyingi huhitaji mamia ya saa za baridi ya chini ya nyuzi 7 ili zitoe maua, na usiku wetu kwa kawaida haushuki chini ya nyuzi 20. Hupenda udongo wa pH 5.6 hadi 6.5, yaani kinyume na wetu, na haivumilii chumvi wala kloridi. Ile MOP inayoushibisha mnazi huidhuru. Wakulima wake hutumia potasiamu ya salfeti. Ukiwa na shamba kwenye vilima vya Taita au Limuru, huko ina nafasi nzuri zaidi.

Kusoma majani yake ni kule kule: naitrojeni hupausha majani ya chini yote, potasiamu huunguza pembe, magnesiamu hutia manjano au wekundu katikati ya mishipa ya majani makuukuu, na chuma hupausha yale ya juu huku mishipa ikibaki kijani. Boroni ikipungua, vichipukizi kwenye fimbo, yaani mashina yake membamba, hushindwa kufunguka na ncha hukauka. Ukipeleka majani yake maabara, chukua ya fimbo za mwaka huo huo zisizozaa bado, yaliyokwisha kukomaa. Naitrojeni ikiwa kati ya asilimia 2.3 na 3, mmea umeshiba.

Napima udongo wapi, na vipi?

KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, wana kituo Mtwapa, na maabara yao ya udongo iko Kabete. Anzia Mtwapa au kwa afisa wa kilimo wa wadi yako. Chimba sehemu 15 hivi kwa kuzungukazunguka kiwanja, kina cha sentimita 20 hadi 30, changanya kwenye ndoo safi isiyowahi kubeba mbolea, utoe nusu kilo. Usichote karibu na jaa, ukuta au ulikochoma takataka. Omba waeleze pH kwanza; mengine yote yanasomwa kwa kuitazama hiyo.

Nimetibu mwezi mzima na majani ya manjano bado ni manjano.

Majani makuukuu yaliyoungua hayatarudi, na mengi yataanguka. Usiyahesabu. Funga uzi mwekundu kwenye tawi moja siku unayotibu, kisha tazama yale tu yatakayochipua mbele ya uzi. Kwenye mndimu wangu, chipukizi la kwanza baada ya EDDHA lilitoka na kijani hafifu, la pili lilikoza. Uzi bado uko pale. Nyuma yake majani yamekwisha kuanguka, na mbele yake kuna ndimu nne.